Ngoro Iliyoachwa Nusu

Msikilizaji, leo nimekuja na jambo ambalo kwangu ni deni. Nilimpa mtu jibu lisilo sahihi, mtu aliyeniamini, na kwa kuwa siwezi kulirudisha jibu lile, naomba nilisahihishe mbele yenu wote.

Kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa sekondari huku kwetu Mbinga. Mwaka mmoja, mwezi wa 7, binti niliyepata kumfundisha alinijia nyumbani. Mnaujua mwezi wa 7 wa milima yetu ya Umatengo. Asubuhi baridi inaingia hadi kwenye mifupa, kahawa iko kwenye vichanja inakauka, na kila nyumba inahesabu kilo zake. Ni wakati huohuo matokeo ya kidato cha 6 yanapotoka. Binti alikuwa amepanda gari kutoka kwa mama yake mwambao wa Ziwa Nyasa, kilomita 66 za kupanda mlima hadi Mbinga mjini, na mkononi ameshika bahasha yenye nakala za vyeti vyake.

Wazazi wake waliachana akiwa darasa la 3. Mama alirudi kwao ziwani akaanza biashara ya usipa: anaununua kwa wavuvi alfajiri, anauanika, anauuza kwa debe. Baba alibaki mlimani na shamba la kahawa, na baadaye akaoa tena. Mahakama ilimwamuru baba atoe matunzo ya mtoto, naye, nimpe haki yake, alitoa. Kuna miezi aliyochelewa na kuna miezi aliyopunguza, lakini alitoa.

Sasa binti amefaulu, na kwa alama zile chuo kikuu kilikuwa kinamwita. Kabla ya kuja kwangu alipitia kwa baba yake kumpa habari. Baba alifurahi, akamchinjia kuku. Walipomaliza kula, akamwambia: "Mwanangu, hongera sana. Ila mimi na mahakama tulimalizana siku ulipotimiza miaka 18. Sheria imenitua mzigo. Huko mbele utaangaliwa na serikali."

Binti akaniuliza: "Mwalimu, ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia miaka 18 ni utu uzima, na mtu mzima hadai matunzo. Nilisema kwa sauti ya mwalimu, ile isiyoacha nafasi ya swali la pili. Akashukuru, akachukua bahasha yake, akashuka kwenda stendi.

Msikilizaji, haikuwa kweli. Au tuseme ilikuwa nusu ya kweli, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa na faida kwake. Leo naomba tuitafute nusu hiyo.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ndoa tuliyonayo ilitungwa mwaka 1971. Inasema ni wajibu wa baba kumtunza mtoto wake, kwa malazi, mavazi, chakula na elimu, kwa kadiri ya uwezo wake na hali yake ya maisha, hata kama mtoto anaishi kwa mtu mwingine. Mama naye anawajibika endapo baba amefariki, hajulikani aliko, au hana uwezo. Mzazi akigoma, mahakama inaweza kumwamuru. Na amri hiyo, kwa kawaida, inakoma mtoto anapotimiza miaka 18. Hapo baba yule alikuwa sahihi.

Lakini tujiulize mwaka 1971 nchi ilikuwaje. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio kwanza kilikuwa na mwaka mmoja tangu kisimame chenyewe, na nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja. Kijana wa Mbinga aliyefika huko alisomeshwa na serikali, alilishwa na kulazwa na serikali. Mzazi alichangia nauli, mkeka na baraka. Kwa mtunga sheria wa siku zile, mtoto wa miaka 18 alikuwa ama amerudi shambani, ama ameajiriwa, ama yuko mikononi mwa serikali. Matunzo ya mzazi yaliweza kuishia hapo na mtoto asianguke.

Kisha mambo yakabadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tukaingia katika utaratibu wa kuchangia gharama za elimu ya juu, na mzigo uliokuwa begani kwa serikali ukaanza kurudi kwa familia. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na mwaka 2005 ikaanza kazi. Mkopo, msikilizaji, ni deni. Ina maana kwamba gharama ya chuo ilishahama mikono, lakini amri za matunzo zikaendelea kufa siku ileile ya miaka 18, kama saa iliyosimama ukutani huku jua linazidi kwenda.

Mwaka 2009 Bunge likatunga Sheria ya Mtoto. Hii ndiyo sheria ambayo mimi, mwalimu mzima, sikuwa nimeisoma hadi mwisho. Sheria hii iliifuta ile sheria ya kikoloni ya watoto wa nje ya ndoa, ambayo chini yake mama aliyezaa bila ndoa aliweza kupewa matunzo ya mtoto yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Ndiyo, shilingi 100. Sheria mpya ikasema mtoto ni mtoto, awe wa ndani ya ndoa au wa nje, na mzazi anawiwa.

Katika sehemu yake ya matunzo, Sheria ya Mtoto inarudia lile tunalolijua: amri ya matunzo hukoma mtoto akitimiza miaka 18. Halafu, mara baada ya hapo, inafungua mlango. Inasema mahakama inaweza kuendelea kuitekeleza amri hiyo hata baada ya miaka 18, endapo mtoto yuko kwenye masomo au mafunzo yanayoendelea. Na maombi ya kuiendeleza yanaweza kuletwa na mzazi, na mtu anayeishi na mtoto, au na kijana mwenyewe. Narudia kwa sababu ya aliyechelewa kufungua redio: kijana mwenyewe anaweza kwenda mahakamani kuomba matunzo yake yaendelee kwa sababu anasoma.

Sikiliza maneno mawili hapo. La kwanza ni "masomo au mafunzo". Sheria haikusema chuo kikuu peke yake. Kijana wa uuguzi, wa ualimu, wa useremala au umeme pale chuo cha ufundi cha VETA Songea, naye anasoma. La pili ni "inaweza". Hakimu halazimiki. Atapima. Kwa hiyo usiende na hasira tupu, nenda na barua ya chuo, mchanganuo wa ada, na maelezo ya kipato.

Na lipo jambo la tatu, ambalo nataka kila mama anayenisikiliza alishike. Mlango huu ni wa kuendeleza amri. Ili kitu kiendelezwe, lazima kiwepo. Mama aliyekaa miaka 15 akisema "nitahangaika mwenyewe, simfuati mtu", ambaye hakwenda mahakamani wala ustawi wa jamii, mtoto akifika miaka 19 atajikuta anaanza safari kutoka nyuma kabisa. Anayetaka kuuweka mlango wazi aanze mapema, mtoto akiwa bado mtoto mbele ya sheria.

Sasa tufanye hesabu ndogo, wala haihitaji kalamu. Kwa mfumo waliosomea wengi wa vijana wetu, mtoto anaanza darasa la 1 akiwa na miaka 7. Darasa la 7 anamaliza akiwa na 13 au 14. Kidato cha 4, miaka 17 au 18. Kidato cha 6, miaka 19 au 20. Digrii ya miaka 3, anatoka na miaka 23, na akisomea udaktari wa binadamu, miaka 5 darasani na mwaka wa mazoezi, anakaribia 26. Miaka 18 inaangukia wapi? Inaangukia pale anaposubiri matokeo ya kidato cha 4. Haiangukii mwisho wa kitu chochote. Ni katikati ya daraja, mto uko chini, na mtu anakwambia shuka.

Kuna atakayesema: lakini serikali inasomesha. Ni kweli imefanya makubwa. Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha 4, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ikafutwa kidato cha 5 na cha 6. Mwaka huohuo fedha ya chakula na malazi ya mwanafunzi wa chuo anayepata mkopo ilipanda kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Ndiyo hiyo vijana wanaiita bumu. Tushukuru kwa yote hayo.

Ila tusidanganyane kuhusu mkopo. Si kila anayeomba anapata, na anayepata si lazima apate vyote. Wengine wanapangiwa sehemu tu ya ada, na ada ya digrii nyingi katika vyuo vyetu vya umma inapita shilingi milioni 1 kwa mwaka. Pengo linabaki, na pengo lina jina la mzazi. Kabla hata bumu halijaingia kuna nauli ya basi kutoka Mbinga, kuna godoro, kuna kodi ya chumba kwa aliyekosa hosteli. Bumu likichelewa, wanafunzi wana msemo wao: kupiga pasi ndefu. Unakunywa chai asubuhi, unaruka chakula cha mchana, unakutana na ugali jioni. Mtoto wa mtu anayevuna kahawa anapiga pasi ndefu Dodoma, na baba yake anasema sheria imemtua mzigo.

Tena kuna dhuluma nyingine iliyojificha. Bodi ya Mikopo inawatazama kwa jicho la huruma yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, na ni haki. Yatima anaonyesha cheti cha kifo cha mzazi. Mtoto ambaye baba yake yuko hai, ana shamba na ana simu mbili, lakini hapokei simu ya mtoto, ataonyesha cheti gani? Hakuna ofisi inayotoa cheti cha baba aliyejiondoa. Kwenye fomu mtoto huyu ana baba, na kwenye maisha hana. Anakosa huruma anayopata yatima na pia msaada anaopata mwenye baba.

Na mkopo huo unalipwa na nani? Akiajiriwa, kijana anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Kwa hiyo baba aliyekwepa hakulifuta deni lake. Amelihamisha. Amelitoa mfukoni mwake akaliweka kwenye hati ya mshahara ya mwanawe. Kijana anaanza maisha huku anamlipia baba yake, na mama naye anamtazamia, na wadogo zake wanamtazamia. Tunajiuliza kwa nini vijana wetu wasomi hawajengi nyumbani mapema. Jibu moja ni hilo.

Hapa naomba tuzungumze kama Wamatengo, kwa lugha ya shamba letu. Tangu kale milima yetu tumeilima kwa ngoro. Mgeni akipita anaona mashimo yamejipanga ubavuni mwa mlima kama sega la nyuki, anapiga picha, anaondoka. Sisi tunajua ngoro inavyopatikana. Kwa desturi, mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mraba kwa mraba. Kisha mwanamke anaingia na jembe, anachimba udongo wa katikati ya mraba na kuzifukia zile nyasi, ndipo matuta yanapotokea. Mbegu inapandwa juu ya tuta hilo. Nyasi zikioza zinailisha mbegu, na lile shimo la katikati linashika maji ya mvua ili udongo usiende bondeni.

Nyasi zilizolazwa peke yake si ngoro. Upepo wa siku tatu unazitawanya. Na udongo uliochimbwa bila nyasi chini yake hauna rutuba. Ngoro ni mikono miwili, mmoja ukianza na mwingine ukimaliza, na hakuna aliyewahi kusimama katikati ya kazi akasema, mimi nimefikisha siku zangu. Mtoto aliyesomeshwa hadi kidato cha 4 akaachwa ni ngoro iliyoachwa nusu. Mvua ikija, inakuwa hasara ya wote wawili.

Na kahawa? Shamba la kahawa mara nyingi limeandikwa kwa jina la baba, na malipo ya chama cha msingi yanapita kwa jina la baba. Lakini nani aliyechuma? Nani aliyepalilia, akaosha, akageuza kwenye kichanja, akakimbia kuifunika mvua ilipotishia? Mama wa yule binti, kabla ya talaka, alichuma misimu yote. Miche aliyoipanda akiwa mke bado inazaa leo, na yeye yuko ziwani anasubiri usiku wa giza ili wavuvi watoke na taa zao, maana mbalamwezi ikiwaka usipa haupatikani. Malipo ya pili ya kahawa yakiingia, yanagawanywa kwa walio karibu na meza. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, na mtoto aliyeondoka na mama yake ndiye asiyekuwepo. Kwa hiyo binti anapomwomba baba yake ada, haombi sadaka. Sehemu ya kahawa ile ni jasho la mama yake.

Sasa nisikie upande wa baba, maana mazungumzo ya haki yana viti viwili. Wapo akina baba wanaonisikiliza sasa hivi ambao mioyo yao inataka na mifuko haina. Bei ya kahawa inapanda na kushuka, na anayeipanga haishi Mbinga. Mbolea ni ghali. Kuna mke mwingine na watoto wadogo watano wanaohitaji daftari na dawa. Je, auze shamba ili mmoja asome, na watano wale nini?

Sheria haikumsahau baba huyu. Sheria ya Mtoto inamtaka hakimu atazame kipato na mali za wazazi wote wawili, mzigo wa kila mmoja kwa watoto wengine alionao, na gharama za maisha za mahali husika. Mama mwenye duka naye atatazamwa. Hakuna hakimu anayetakiwa kumkamua mtu mpaka damu. Baba asiye na laki 5 anaweza kuwa na elfu 50. Asiye na fedha taslimu anaweza kuwa na gunia la mahindi na debe la maharage, na kijana aliyepanga chumba anaupika ugali wa gunia hilo muhula mzima. Kinachotafutwa ni mchango wa kweli kwa uwezo wa kweli.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya watoto ya mwaka 2001 na ile iliyofuata ya 2022, wanaruhusu mahakama kurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18 kunapokuwa na sababu maalumu za ustawi wa mtoto, na masomo ni miongoni mwa sababu zinazopelekwa mbele ya mahakama zao. Ghana wana kifungu kinachofanana sana na chetu katika sheria yao ya mwaka 1998. Na Marekani, Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey ilitoa hukumu mwaka 1982, katika kesi ya Newburgh dhidi ya Arrigo, ikaorodhesha mambo 12 ya kupima kabla ya kumtaka mzazi achangie masomo ya chuo. Mengine ni yaleyale yetu ya kipato. Lakini mawili nimeyapenda niwaletee. Moja, wanatazama uwezo na bidii ya kijana mwenyewe darasani. Mbili, wanatazama uhusiano wa kijana na mzazi anayedaiwa: je, wanapendana, wanazungumza, kijana anasikia ushauri?

Hilo linanipeleka kwa ninyi vijana. Mwanangu, baba yako si benki. Usimpigie Novemba ukiwa na namba ya malipo ya ada mkononi, kumbe mara ya mwisho ulimsalimia Novemba ya mwaka jana. Mpigie hata siku ambayo huna shida. Mtumie matokeo yako kila muhula, mazuri na mabaya. Ukifeli somo mwambie kabla hajasikia kwa watu. Likizo ya mwezi wa 8 panda mlimani, chuma kahawa pamoja naye, lala nyumbani kwake, mheshimu mama wa kambo, wajue wadogo zako. Mzazi anayemfahamu mtoto wake ni vigumu kumkana. Na ukipewa fedha ya ada, iwe ya ada. Kijana mmoja akila ada, akina baba kumi kijijini wanapata sababu.

Na ninyi akina mama, dada zangu, naomba mnisikie bila kukasirika. Uchungu wa ndoa iliyovunjika ni wenu, nanyi mna haki nao. Ila msimrithishe mtoto. Ukimwambia kila siku baba yako ni mtu mbaya, siku ya ada utampeleka kwa mtu mbaya yupi? Usimfiche mtoto ili kumkomoa baba. Na fedha ya mtoto ikija, mtoto aione inakokwenda.

Wazee wetu Wamatengo walikuwa na sengu. Wa ukoo mmoja walikusanyika kwa babu, wakala pamoja, na baada ya kula wakazungumza mambo yao: shamba, ugomvi, mahari, mgonjwa. Aliyekula alisikilizwa, na aliyekosea alirekebishwa mbele ya ndugu zake. Leo wengi wetu tunakula kila mtu kwake, na ada ya mtoto imebaki kuwa siri ya mama mmoja na simu yake. Naomba jambo hili lirudi kwenye sengu. Mtoto wa ukoo akifaulu, akina baba wakubwa na wadogo, mashangazi na wajomba wakae, wapange nani analipa nini na mwezi gani. Mara nyingi baba anayemkwepa mke aliyemwacha hawezi kumkwepa kaka yake mkubwa. Na kikao hicho kikiandika makubaliano kwenye karatasi, wakasaini wote mbele ya mtendaji wa kijiji, kitaokoa safari nyingi za mahakamani.

Ikishindikana, ndipo twende kwenye ofisi. Ofisa ustawi wa jamii yuko halmashauri, Mbinga na Nyasa pia, na tangu Nyasa ilipokuwa wilaya inayojitegemea mwaka 2012, mtu wa ziwani halazimiki kupanda mlima kutafuta huduma hiyo. Ofisa huyo anaweza kuwaita wazazi wote wawili na kuwasuluhisha, na sheria inampa nafasi ya kuomba amri ya matunzo kwa niaba ya mtoto. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanaosaidia bila malipo mtu asiye na uwezo. Waulizeni kuhusu kuendeleza amri ya matunzo kwa kijana anayesoma. Ulizeni kwa jina hilo.

Na pangeni kwa kalenda ya kwetu. Kahawa inavunwa kuanzia katikati ya mwaka. Dirisha la maombi ya mkopo nalo hufunguliwa katikati ya mwaka. Vyuo vinafunguliwa Oktoba na Novemba. Mungu ametupangia vizuri: fedha inaingia kabla ya ada kudaiwa. Tatizo ni ile miezi miwili ya katikati, ambapo fedha ya kahawa inaingia mjini na kurudi ikiwa kitu kingine. Baba, itenge siku unayoipokea. Peleka chuoni moja kwa moja kwa namba ya malipo, na risiti mtumie mtoto. Ataitunza risiti hiyo kuliko picha.

Mtaniuliza yule binti aliishia wapi. Mwaka ule hakwenda chuo. Alirudi ziwani akauza usipa na mama yake mwaka mzima, akaomba mkopo upya, akaenda. Alisoma, akamaliza. Leo ameajiriwa na anakatwa asilimia 15 yake. Baba yake alikuja kwenye mahafali amevaa koti jipya, akapiga naye picha, na binti akamshika mkono kwa heshima zote. Nilikuwepo. Niliona namna mama alivyosimama pembeni kidogo, akishikilia mkoba wa binti ili picha itoke vizuri.

Binti hakuwahi kunilaumu. Sidhani hata anajua kwamba jibu nililompa lilikuwa na nusu nyingine. Sheria ilikuwepo siku ile alipokaa sebuleni kwangu. Mlango ulikuwepo, na mwalimu wake ndiye aliyemwambia ni ukuta. Kama ningesema tu, "Subiri, twende kwa ofisa ustawi tukaulize," labda ule mwaka mmoja usingepotea, na labda baba yake angepata nafasi ya kusimama kwenye picha ile akiwa na haki kamili ya kusimama.

Kwa hiyo usiku wa leo, msikilizaji, kabla hujalala, fungua lile sanduku lenye vyeti vya kuzaliwa. Tafuta cha mtoto aliye sekondari, wako, au wa dada yako, au wa kaka yako aliyeko mbali. Soma tarehe. Hesabu imebaki miezi mingapi atimize miaka 18. Kama imebaki sita, una miezi sita. Kama imebaki miwili, kesho ni siku ya kazi, na ofisi inafunguliwa asubuhi.